Mkomamanga wa Kiwandani

Mwezi wa Mei 2018 dada yangu alinitumia picha kutoka Leicester. Wakati huo alikuwa amekaa Uingereza miaka 14, na nyumba waliyokuwa wamehamia ilikuwa na kibustani mbele ya mlango, kidogo, kama misala miwili ukiitandaza pamoja. Katikati ya kibustani hicho palisimama mti mfupi uliojaa maua meupe hata majani yake hayaonekani. Chini ya picha ameandika: "Waitwa hothoni. Una miba kama mkunazi wetu. Nikija nikuletee mbegu tuupande kiwandani kwa mama?"

Picha ile niliirudia mara nyingi. Maua yalikuwa mazuri, lakini kilichonishika zaidi ni kuona mti mmoja, usiozidi kimo cha mlango na nusu, ukiitosha nyumba nzima. Apitaye njiani anauona, aliye ndani akifungua dirisha anauona, wala haukuhitaji shamba. Kisha nikakitazama kiwanda chetu. Sakafu ya saruji yenye ufa, tangi jeusi la plastiki, kamba ya kuanikia nguo, ndoo tatu. Mama ameketi juu ya kibao akichambua mchele. Hapakuwa na kitu hata kimoja cha kijani.

Wasomaji wasio wa Lamu, kiwanda kwetu si mahali pa mitambo. Ni ule uwanja ulio wazi kwa juu, ndani ya nyumba ya mawe. Ukitoka njiani unapita daka, kile kibaraza cha mlangoni, unaingia tekani, ukumbi mdogo wa ndani, ndipo unafika kiwandani, na vyumba vyote hupata mwanga na upepo wake kutoka hapo. Kwa nje nyumba zetu zimefumbwa: kuta nene za matumbawe na chokaa, madirisha machache, ili walio ndani wapate sitara. Mbingu ya nyumba yote ni kile kipande cha kiwanda. UNESCO ilipoutia mji wetu wa kale katika urithi wa dunia, mwaka 2001, watu walisifu milango ya nakshi na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na kweli zastahili sifa. Lakini mimi naona kiwanda kingetajwa kwanza, kwa kuwa ndicho tunachokipoteza upesi kuliko vyote. Tunakiezeka mabati, tunakimwagia saruji, tunaweka tangi, mpaka tunasahau kuwa pale chini pana udongo.

Nilitamani kumwambia dada azilete hizo mbegu. Lakini sikutaka kuua mti kwa ujinga, nikatafuta habari zake kwanza. Hothoni ni ukoo mmoja na waridi na tufaha. Wataalamu huuita Crataegus. Huko Uingereza hupandwa mistari mirefu kuwa ua wa mashamba, ili miba yake izuie ng'ombe na kondoo, na kwa kuwa huchanua mwezi wa Mei, watu huuita pia kwa jina la mwezi huo. Maua yakishapukutika huja vitunda vyekundu, vidogo kama kunazi, ambavyo ndege huvila wakati wa baridi chakula kingine kikiadimika. Mti mmoja waweza kuishi mamia ya miaka. Mbegu yake ina usingizi mzito: huweza kukaa ardhini miezi 18 ndipo iote, baada ya kupitiwa na joto kisha baridi ya msimu mzima. Hata mti uliokwisha kukua, kila mwaka hupukutisha majani, ukalala, na hauamki vyema mpaka upate wiki nyingi za baridi. Sisi hapa, usiku wa baridi kabisa wa mwezi wa Julai, tunavuta shuka ya pili na kujiona tumeonewa, na bado ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 20. Mti ule ungengojea baridi isiyokuja.

Nikamjibu dada aziache mbegu, lakini swali lake nimelichukua. Nyumba yetu nayo itapata mti wake mdogo.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mkunazi, kwa ajili ya ile miba aliyoitaja. Mkunazi kwetu ni mti wa heshima. Majani yake ndiyo yanayotiwa katika maji ya kuoshea maiti, na hakuna mtoto wa Lamu asiyeokota kunazi. Ila mkunazi hutanda. Kuutia katika kiwanda cha mita 6 kwa 5, kisha kuukata kila mwezi ili ubaki mdogo, niliona ni kuudhulumu. Waridi nilishajaribu katika mikebe, yakafa mawili. Yasmini ni mzuri, lakini hutambaa, na mimi nilitaka kitu kinachosimama chenyewe. Aliyeumaliza mjadala ni mama, wala hakuinua uso wake kutoka kwenye ungo. "Hapo ulipoweka tangi," akasema, "palikuwa na mkomamanga wa bibi yenu."

Mimi sikuukuta. Mama anasema ulikuwapo mpaka alipoolewa, ukakatwa siku sakafu ilipotiwa saruji. Bibi alikuwa akiunywesha maji aliyooshea mchele. "Mai ya mtele usimwaye," ndivyo alivyokuwa akiwaambia binti zake, na mama aliyatamka maneno hayo kwa Kiamu cha bibi, lahaja yetu ya Lamu, kwa sauti ya bibi. Nilijua hapo hapo kwamba sitatafuta mti mwingine.

Mkomamanga umefanana na ule wa dada kuliko nilivyotarajia. Ni mti mfupi, wenye miba kwenye ncha za vijitawi, maua yanayoonekana kwa mbali, na matunda yanayodumu mtini miezi mingi. Tofauti ni kwamba asili yake ni Uajemi na nchi za jirani, kwenye jua kali na ardhi kavu yenye chumvi chumvi, kwa hiyo taabu za Lamu unazijua. Jina lenyewe limebeba safari. Koma ni tunda la mkoma wa porini kwetu, na Manga ndivyo wazee walivyoiita Arabuni, kama tusemavyo pilipili manga. Nafikiri mtu wa pwani aliyeliona tunda hili kwa mara ya kwanza, limeshushwa jahazini wakati wa kaskazi, alilipa jina la kitu alichokijua, kisha akataja lilikotoka.

Kazi ya kwanza haikuwa ya jembe. Ilikuwa ya chaki. Mkomamanga unataka jua lenyewe, si mwanga tu. Usipopata kiasi cha saa sita kwa siku utakupa majani mazuri na maua machache. Na kiwanda ni shimo lenye kuta. Maelekezo ya bustani niliyoyasoma yalinihimiza nipande penye ukuta unaoelekea kusini, lakini hayo ni maneno ya watu ambao jua lao halivuki. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kibla, ambako kwetu ni kaskazini, na ukuta wa kibla ndio unaotupa kivuli ndani. Mwezi wa Disemba limekwisha vuka, liko suheli, yaani kusini, na kivuli kinatoka ukuta wa pili. Ukuta wetu wa kibla ni wa ghorofa, kama mita 7. Saa sita mchana mwezi wa Juni kivuli chake hufunika zaidi ya mita 3 za sakafu. Ukuta wa suheli ni mfupi, na Disemba kivuli chake hakifiki mita 2.

Basi kila tarehe 15, tangu Juni hadi Disemba, nilichora mstari pale kivuli kilipoishia saa tatu, saa sita na saa tisa. Wapwa zangu walidhani ni mchezo, wakachora na yao. Mwisho wa mwaka sakafu ilijaa michoro, na ndani ya michoro hiyo palibaki kipande kimoja tu ambacho jua halikukihama miezi yote, karibu na ukuta wa suheli, upana wake haufiki mita moja na nusu. Palikuwa pale pale penye tangi. Bibi hakuwa na chaki, lakini aliishi ndani ya kiwanda kile maisha yake yote, na naamini alikuwa amekwisha kuona.

Tangi tulilihamishia darini. Fundi alikuja na patasi akatoboa mraba wa sentimita 80. Chini ya saruji tulikuta sakafu ya zamani ya chokaa, na chini yake kifusi: vipande vya matumbawe, vigae vya mitungi, maganda ya chaza, jivu. Udongo wenyewe ulikuwa mchache na mweupe. Nautaja kwa sababu kila nyumba ya mawe ya Lamu ina udongo wa namna hii, na ndio unaowashinda wengi. Chokaa ikizidi, mti hauwezi kuyavuta madini ya chuma hata yakiwamo. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, na mtu hukimbilia kuongeza maji. Mkomamanga huvumilia chokaa kuliko miti mingi, lakini kuvumilia si kushiba. Tulichimba hadi sentimita 70, tukatoa kifusi karibu chote, tukarudishia mchanga na udongo wa shamba ulioletwa kwa punda, na samadi ya punda hao hao iliyooza miezi mitatu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Lamu haina uhaba wa samadi, hilo kila apitaye mitaani analijua.

Mche sikuununua. Mama alikumbuka kwamba dada yake, alipoolewa kijiji jirani cha Shela, alikatiwa tawi la mkomamanga wa bibi kwenda nalo. Nilipita ufuoni kwenda kwa khalati, nikaukuta mti umesimama karibu na kisima chake, mzee, umekunjamana shina, lakini una maua. Khalati alinikatia mwenyewe vipande vinane, vya unene wa kalamu ya risasi na urefu wa sentimita 20 hivi, kutoka matawi yaliyokwisha kukomaa, akaniambia nisipindue juu chini. Nilivitia katika mikebe ya maziwa yenye mchanga na mboji, theluthi mbili ndani ya udongo, nikavikalisha kivulini. Baada ya wiki saba, vitano vilikuwa na mizizi.

Mbegu ya komamanga huota kwa urahisi, lakini kile kiotacho huwa na tabia zake. Kipandikizi ni mti ule ule. Shina likifa huku na tawi likashika kule, kilichoendelea kuishi ni kile kile alichokitia bibi mkononi. Nilipomweleza mama hivyo alinyamaza, akaomba aonyeshwe ile mikebe, akagusa majani moja moja.

Tuliupanda Aprili 2019, masika yakiwa yanaanza, ili mvua ifanye kazi ya miezi miwili ya kwanza.

Maji ndiyo habari kubwa, na hapa nataka kukaa kidogo. Mji wa Lamu hunywa mvua iliyohifadhiwa na vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ikinyesha pale hupenya mchangani, na maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi. Ukivuta kwa pupa, chumvi hupanda. Kwa hiyo kila ndoo ya maji matamu mjini kwetu ina deni kwa vile vilima, na mimi sikuona halali kuimimina chini ya mti huku jirani akingojea mfereji. Kisima chetu cha ndani kina maji ya magadi, yenye chumvi, ya kuoshea tu. Mkomamanga huyastahimili kiasi, si bila kikomo. Mwaka wa kwanza niliunywesha maji ya kisima, kikombe kikombe, kila jioni, nikijiona mpole. Kufikia Februari kingo za majani zilikuwa za kahawia, kavu, kama zimepitishwa kwenye moto.

Kosa lilikuwa katika kile kikombe. Maji machache ya chumvi hulowesha tabaka la juu, jua huyakausha, maji yanakwenda na chumvi inabaki. Kesho unaongeza nyingine. Mti wa maji ya magadi hunyweshwa kwa nadra na kwa wingi, ili maji yashuke chini na kuisukuma chumvi iiache mizizi. Sasa naupa ndoo mbili za lita 20 kila baada ya siku nne, tano ukiwa na kivuli cha mawingu. Masika huja kuosha kilichobaki, na kila mwezi wa Mei naona majani mapya yanatoka bila doa.

Na ndipo nilipoyaelewa maji ya mchele. Siku zote niliyachukulia kuwa ni mapenzi tu ya bibi, pengine na imani kwamba wanga hulisha mti. Lakini mchele hauoshwi kwa maji ya kisima cha magadi. Huoshwa kwa maji ya kupikia, maji matamu, ambayo enzi za bibi yaliletwa kichwani kutoka visima vya mbali. Yalikuwa yamekwisha kufanya kazi moja, na alikataa yafe kabla ya kufanya ya pili. Nyumba ya watu saba huosha mchele kila siku. Nilipima kwa wiki moja nikapata kama lita 4 kwa siku, maji matamu yaliyokuwa yakienda mtaroni. Sasa yanakwenda kwenye mti, na mama ndiye mwenye kazi hiyo. Haruhusu mtu mwingine.

Juu ya umbo nilibishana na fundi wa bustani aliyewahi kufanya kazi katika nyumba za wageni. Alitaka shina moja lililonyooka na kichwa cha mviringo, kama mwavuli. Ni umbo la kupendeza pichani. Lakini mkomamanga kwa tabia yake ni kichaka. Kila mwezi unatoa machipukizi kutoka kwenye mizizi, mengi, mororo, yenye haraka. Ukiutaka shina moja utapigana nao maisha, na siku shina hilo likiingiwa na mdudu huna akiba. Niliacha mashina matatu yaliyoachana vya kutosha kupitisha mkono katikati. Mengine yote huyang'oa kila Ijumaa asubuhi, yakiwa bado yanatoka kwa vidole. Ukiyaacha wiki tatu utahitaji mkasi, na ukiyakata kwa mkasi hurudi mawili penye moja.

Kupogoa matawi ni jambo la hadhari zaidi. Maua hutoka kwenye ncha za vijitawi vipya. Nilipoona mti unapita mita 3 nilikata ncha zote sawasawa, kama mtu anyoavyo nywele, na msimu ule sikupata ua hata moja. Siku hizi natoa tawi zima kutoka chini pale panapobanana, ili mwanga na upepo vifike ndani, na ncha naziacha. Matawi ya chini yenye miba nimeyaondoa yote hadi kimo cha kifua. Mama hupita pale na leso yake, na mtoto mdogo wa kaka alishawahi kuchomwa kiganjani.

Maua ya kwanza ya kweli yalikuja mwishoni mwa mwaka 2020. Sijui niyaeleze vipi. Tumba la mkomamanga ni gumu, jekundu, linang'aa kama limepakwa nta; hupasuka pembe sita au saba na ndani hutoka petali zilizokunjamana kama hariri iliyotolewa sandukuni. Rangi yake ni nyekundu inayoelekea kwenye machungwa, na dhidi ya ukuta mweupe wa chokaa, saa kumi jioni, huwezi kupita bila kusimama. Wakaja chozi. Ndege wale wadogo wanaonyonya maua nilikuwa nikiwaona shambani tu. Sasa walishuka ndani ya nyumba yetu kutoka juu ya ukuta, wakazunguka mti, wakapanda tena. Baba, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akikaa chumbani akisikiliza redio, alitoa kiti chake nje.

Kisha maua yakaanza kuanguka, na mama akaogopa kijicho. Nilimchukua nikamwonyesha. Mkomamanga una maua ya namna mbili. Moja lina kiuno kinene kama mtungi. Hilo ndilo lenye tumbo la kuwa tunda. Jingine ni jembamba chini, limepanuka mdomo kama kengele. Hilo ni la kiume, kazi yake ni chavua, na lazima lianguke. Mti mchanga hutoa kengele nyingi kuliko mitungi. Tangu siku ile mama huhesabu mitungi tu.

Mwaka 2021 tulihesabu matunda tisa. Sita yalipasuka.

Lilikuwa kosa la maji tena. Nilimpeleka mama Mombasa kutibiwa macho, tukakaa wiki tatu, na mti nikamwachia mpwa wangu wa miaka 15. Alisahau wiki mbili. Alipokumbuka aliona haya, akaumwagia ndoo juu ya ndoo siku nne mfululizo. Ganda la komamanga likikosa maji hukauka na kuwa gumu. Maji yakija kwa ghafla punje hufura, ganda haliwezi kutanuka, linachanika. Nilipofungua mlango nilikuta matunda yamefunguka mtini, na sisimizi wamekwisha jipanga. Kijana alikuwa amejificha darini. Sikumgombeza, kwa sababu alikuwa ameuonea mti huruma, tena ni mimi niliyemwambia autilie maji bila kumwambia kwa nini. Tulitandaza makumbi ya nazi kuzunguka mashina, unene wa kiganja, ili unyevu usikatike upesi, na tangu hapo hata tukichelewa siku mbili udongo wa chini huwa bado baridi.

Vidukari na vidung'ata huja kiangazi, navipangusa kwa maji ya sabuni na kitambaa. Adui wa kweli ni kipepeo mdogo anayetaga yai juu ya tunda changa. Kiwavi hutoboa na kula punje kwa ndani. Kwa nje utaona tundu moja na uchafu mweusi, na harufu. Akishaingia hakuna dawa. Mama alishona vifuko vya shashi kutoka kwenye pazia la zamani, na kila tunda likifika ukubwa wa ndimu tunalivisha na kufunga uzi. Mti wenye vifuko vyeupe, usiku wa mbalamwezi, ni kitu cha kukitazama.

Tunda huchukua miezi mitano hadi saba tangu ua. Usilichume kwa pupa, maana haliivi likishatoka mtini. Likikomaa hupoteza mng'ao, mbavu zake hujitokeza likawa kama lina pembe, na ukiligonga kwa kidole sauti yake hubadilika, inakuwa kavu. Msitarajie wekundu wa makomamanga ya dukani. Joto la usiku wetu huzuia ile rangi, na letu hutoka la manjano lenye haya ya waridi shavu moja. Ndani ni jekundu vya kutosha, na lina uchachu unaoamsha ulimi.

Mwaka juzi tulipata 23. La kwanza lilifunguliwa juu ya sinia kubwa, watoto wamezunguka, na mama akawaambia alichoambiwa na bibi: katika kila komamanga mna punje moja ya peponi, na hakuna aijuaye ni ipi, basi hata moja isianguke. Nimewaona watoto wale wakila mambo mengi, lakini sijawaona wakila kwa adabu ile. Baadaye baba aliisoma Surat Ar-Rahman mpaka penye aya ya 68, palipotajwa matunda na mitende na makomamanga, akaurudia mstari huo mara mbili. Maganda mama aliyaanika. Yeye huyaweka kwa tumbo la kuhara, kama alivyofundishwa.

Dada alikuja Disemba ile. Hakuweka mzigo chini kabla ya kufika kiwandani. Alikaa kwenye kiti cha baba, akatoa simu, akanionyesha hothoni yake ilivyo wakati huo: miba mitupu, vitunda vyekundu, ndege mmoja mweusi. Tuliziweka picha mbili pamoja, yake ya siku ile na yetu ya dakika ile. Alitaka kipandikizi. Nilimwambia mkomamanga huhimili jalidi kiasi, na ukutani penye jua waweza hata kuchanua kule, lakini tunda halitapata joto la kuliivisha, na kupitisha mche mpakani kuna sheria na vyeti vyake. Alichukua tumba moja lililoanguka akalitia katika mkoba.

Vipandikizi vya mwaka huu viko darini, mikebe mitano kivulini mwa lile tangi. Vitatu vimetoa majani. Kimoja ni cha khalati, kwa sababu mti wake wa Shela ulivunjwa na upepo wa kusi mwezi uliopita na shina lililobaki halioneshi dalili. Kimoja nimemwahidi jirani yetu wa ukuta wa magharibi, ambaye kiwanda chake ni chembamba kuliko chetu na kimezungukwa na ghorofa pande tatu. Anakitaka leo. Nimempa chaki kwanza. Ameanza kuchora wiki iliyopita, na jana usiku alinipigia hodi kuniambia kwamba kivuli cha saa tisa kimesogea upana wa vidole viwili.